Njiwa Waliolala Kifudifudi

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, kwa adabu tu, maana wenyewe hawapendi kusifiwa hadharani. Nchi hiyo ilikuwa bingwa wa amani duniani. Mataifa mawili yakitunishiana misuli kwa ajili ya kisiwa kisicho hata na kichaka, Waziri wake keshapanda ndege. Wafalme wawili wakinuniana msibani, Waziri huyo hapo katikati, kawashika mikono, anatabasamu kuelekea kwenye kamera.

Waziri mwenyewe aliitwa Dakta Balozi Simbeye. Alikuwa mnene wa mwili na wa sauti, na simu aliiongea kwa spika popote alipokuwa, hata makaburini, ili watu wasipate taabu ya kukisia anaongea na mkubwa gani. Wizara yake, Wizara ya Amani ya Dunia Nzima, ilikuwa na jengo la vioo na idara ya kila bara, pamoja na Idara ya Mabara Ambayo Hayajagunduliwa, kwa tahadhari. Amani ya ndani ya nchi nayo haikusahauliwa. Ilipewa meza chini ya ngazi, na meza ikapewa karani, na karani alikuwa likizo.

Si kwamba nchini mlikuwa na bunduki. Serikali ilishatamka kwamba hamna, na raia wema wakaelewa. Kilichokuwapo ni milio. Milio ilisikika zaidi mitaa ya bondeni, hasa Mtaa wa Magunzi, ambako vijana wa kona hii hawapikiki chungu kimoja na vijana wa kona ile. Vijana hao walikuwa wakikodi vyuma fulani kwa siku, kama watu wanavyokodi viti vya harusi, na kuvirudisha kazi ikiisha. Walivikodi kwa nani, hilo halikujulikana, na waliotaka kulijua walihama mapema. Mtu akifikwa na mlio akafa, daktari husema kafa kwa mlio, na wafiwa huombwa wapunguze kelele, kwa kuwa kelele ndizo zilizoleta balaa.

Katika mtaa huo aliishi Bi. Nyamizi, mjane, mfuga njiwa, na mtu wa shaka kuliko wote niliopata kuwasikia. Maziwa aliyanusa, akayaweka, akayanusa tena. Ukimwamkia kwa upole zaidi ya jana, anakutazama mikono aone umekuja kuazima nini. Majirani walimcheka sana kwa tabia hiyo, mpaka ilipofika siku wakakoma kumcheka.

Alikuwa na watoto pacha, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, na kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Kulwa. Kulwa alitoka mchana kweupe kwenda kununua sukari. Mlio ukamkuta mbele ya duka. Alipozikwa, majirani wakakubaliana kimyakimya kumwita Mama Doto, wasije wakamtonesha kidonda. Walifanya kwa huruma, lakini ilimuuma vibaya. Alihisi kwamba mwanawe ametolewa duniani kwanza, kisha akatolewa mdomoni mwa watu.

Pale alipoangukia Kulwa, mama aliokota ganda la risasi. Lilikuwa na maandishi ya kigeni, yenye vikia kama viluwiluwi. Akalipeleka kwenye ile meza iliyo chini ya ngazi, akakuta kiti kimevikwa koti. Akalirudisha nyumbani, akalifukia ndani ya kopo la chumvi, na tangu hapo alikuwa akila mboga isiyo na chumvi na kuwaza.

Alibakiwa na Doto. Doto alikuwa msusi, kibanda chake kiko kona ileile yenye milio, na wateja hawawezi kususiwa chini ya kitanda. Kila asubuhi akitoka, roho ya mama yake ilitoka naye, ikashinda naye kibandani, ikarudi naye jioni. Hilo ndilo lililokuwa lote la Bi. Nyamizi hapa duniani: mtoto huyo arudi.

* * *

Sasa nieleze njiwa wanaingiaje katika siasa za dunia.

Desturi ya upatanisho katika nchi hiyo ilikuwa hivi. Pande mbili zikishapatana, kila upande unakabidhi bunduki zake kwa Waziri, ishara ya kuaminiana. Waziri anazileta nyumbani, zinapigwa picha zikiwa zimechomekwa maua kwenye mitutu, kisha zinapelekwa mahali salama. Mahali hapo palikuwa salama mno, hata hapajulikani. Baada ya bunduki hufuata sherehe: inapigwa mizinga ya heshima, wanarushwa njiwa weupe, ndipo zinawekwa saini. Saini isiyotanguliwa na njiwa ni batili. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na aliyeiandika alipewa nishani.

Njiwa weupe kuliko wote nchini walikuwa wa Bi. Nyamizi. Wizara ikawateua kuwa Njiwa wa Taifa. Yeye mwenyewe alipewa picha ya Waziri, akaitundika bandani upande ambao njiwa hujisaidia.

Sherehe ya kwanza baada ya msiba wa Kulwa ilikuwa kubwa. Waziri alihutubia. "Mabibi na mabwana," alisema, "amani ni yai! Na yai lahitaji joto! Na joto hilo, ndugu zangu wa dunia, ni mimi!" Makofi yakavuma. Mizinga ikalia. Vikapu vikafunguliwa.

Njiwa wakatoka, wakatazama huku na huku, wakalala kifudifudi. Walitandaza mbawa sakafuni, wakaingiza vichwa chini ya viti, na mmoja akajisweka ndani ya joho la mfalme mgeni, akagoma kutoka mpaka mfalme alipovuliwa. Hawakuwa wakorofi. Magunzi mlio ukisikika watu hulala chini, na njiwa wa Bi. Nyamizi walikuwa wamekulia kwa watu.

Picha zilizunguka dunia nzima. Saini zikaahirishwa, ikaundwa tume. Tume ilikula, ikalala hotelini, ikatafakari, ikasema njiwa wale wana upungufu wa uzalendo.

* * *

Aliyetumwa kuwarekebisha alikuwa Bwana Chilumba, Afisa Njiwa wa Taifa. Alifika Magunzi na suti ya kijivu, kanukia vizuri, kashika leso puani.

"Mama," alisema, "hawa ndege wamelitia taifa aibu. Unawalisha nini?"

"Mtama."

"Mtama wa wapi?"

"Wa hapahapa. Kwani ugonjwa wao unauona kwenye mtama, bwana mkubwa?" Bi. Nyamizi alimtazama viatu. Viatu vilikuwa vipya mno kwa mtu aliyesema ametembelea mitaa yote. "Njiwa hawana ugonjwa. Wameogopa milio."

"Milio ipi tena?"

Hapo hapo kona ikajibu. Pa! Pa-pa-pa! Bi. Nyamizi alikuwa chini kabla ya mlio wa pili, njiwa wakawa chini pamoja naye, na Bwana Chilumba, suti na leso na vyote, akawa uvunguni mwa banda. Nilidokezwa kwamba hakuonekana kama mtu anayejifunza. Alijua pa kuficha kichwa.

Mama hakuwa na muda wa kumtazama. Alikuwa anatamka jina moja tu, Doto, Doto, mdomo umegusa vumbi.

Kisha akasikia afisa anaongea huko uvunguni, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeagiza chai. "Hallo, kaka mkubwa. Shikamoo. Eeh, niko bondeni. Sasa kaka, waambie vijana wapumzishe kidogo. Njiwa wana mkutano. Eeh. Mpaka saini. Haya, ahsante kaka, wasalimie nyumbani."

Milio ikakoma. Haikufifia wala haikuhamia mtaa wa pili. Ilikoma kama bomba lililofungwa koki.

Bwana Chilumba akatoka, ana unyoya kichwani, anajipangusa magoti. "Umeona, mama? Serikali yenu sikivu."

Bi. Nyamizi alikuwa bado amekaa chini. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na wahusika."

* * *

Magunzi ilipata kimya ambacho haikukijua. Mwanzoni watu hawakukiamini. Walitoka kwa zamu, mmoja anatangulia, wengine wanachungulia. Baadaye wakaanza kuanika nguo mbele ya nyumba badala ya chumbani. Wazee wakatoa bao nje, wakagombana kwa sauti. Kibanda cha Doto kikajaa wateja, wakawa wanacheka mpaka vichwa vinayumba na Doto anawagomba watulie.

Kila mtu alisema ni muujiza. Bi. Nyamizi peke yake alikinusa kimya kile kama maziwa, akakiweka, akakinusa tena.

Jambo lililomkaa rohoni lilikuwa jepesi, na kwa wepesi wake likamtesa. Simu moja. Mtu alikuwa amejificha kwenye mavi ya njiwa, akapiga simu moja, hakubembeleza, hakutisha, akasalimia na nyumbani, na risasi zikakoma. Basi simu hiyo ingeweza kupigwa siku ile ya sukari. Ingeweza kupigwa siku yoyote. Siku ile Kulwa hakuwa na mkutano, wala hakuwa njiwa.

Alilia alipolifahamu hilo. Alilia kwa hasira, akiwa amelikumbatia kopo la chumvi, na Doto alipoingia akamkuta hivyo.

"Mama, kuna nini tena? Mtaa umetulia jamani."

"Umetulia mpaka saini," alisema mama yake. "Nimemsikia kwa masikio yangu. Njiwa wakiruka, saini zikiwekwa, wanaanza."

Doto alikaa kando yake akafikiri. Alikuwa na akili ya haraka, ya watu wanaoshinda wakisikiliza habari za mtaa mzima. "Na wasiporuka?"

Mama na binti wakatazamana.

Kuanzia hapo njiwa wa taifa hawakupona. Bwana Chilumba akija kuuliza, Bi. Nyamizi anatikisa kichwa kwa majonzi. "Bado, bwana mkubwa. Jana huyu aliota ndoto mbaya." Akija tena: "Bado. Huyu wa pili ameanza kunyanyuka, lakini mawazo yake yako mbali." Wizara ikaleta daktari wa akili za ndege. Daktari akawasikiliza njiwa, akaandika kwamba kweli, mawazo yao yako mbali.

Huko hotelini wajumbe wa nchi mbili ambazo saini zao ziliahirishwa walikuwa wanasubiri njiwa. Hawakuwa na haraka. Mabwawa ya kuogelea yalikuwa mazuri. Ila Waziri alikuwa na haraka, maana kulikuwa na tuzo. Amani ya dunia nzima ikawa imesimama, imekwama bandani kwa mjane wa Magunzi, na kwa muda wote huo Magunzi hakufa mtu.

* * *

Mwishowe Bwana Chilumba alikuja bila leso.

"Tumeambizana vya kutosha, mama. Njiwa hawa wazima. Nimekuchungulia tangu asubuhi, wanaruka mpaka kwenye mnara wa maji."

"Wanajaribu tu."

"Unajua kosa hili linaitwaje? Kuhujumu amani ya dunia!"

Bi. Nyamizi alifungua kopo, akafukua chumvi, akatoa lile ganda, akaliweka kiganjani mwa afisa. Afisa alikuwa na beji ya mkutano kifuani, na kwenye beji, chini ya jina la moja ya zile nchi mbili, yalikuwapo maandishi yenye vikia kama viluwiluwi.

"Hili nililiokota alipofia mwanangu," alisema. "Mimi sijasoma lugha hiyo, lakini macho ninayo. Bunduki zao mlizichomeka maua, tukaziona kwenye televisheni. Zilifikaje kwenye kona yangu?"

Bwana Chilumba alilitazama ganda, akaitazama beji, akaigeuza beji ikawa nyuma mbele. Kwa kitambo kidogo alionekana mtu. "Mama," alisema chini kwa chini, "mambo mengine usiyaulize. Mimi pia nina watoto."

"Basi piga simu. Huyo kaka yako, asiwaambie wapumzike mpaka saini. Awaambie waache."

Hapo uafisa ukamrudia. "Hayo ni mambo ya ndani. Mimi ni wa dunia." Akanyoosha koti. "Na nikwambie ukweli: ukiendelea kuchelewesha, kaka atachoka kuwazuia, waanze hata kabla ya sherehe. Kesho kutwa njiwa waruke, wakiwa na mawazo au hawana."

Bi. Nyamizi aliona maji yamemfika shingoni. Njiwa wakiruka vijana wanaanza, wasiporuka wanaanza. Akatafuta angalau saa chache. "Nitawaleta," alisema, "kwa sharti moja. Magunzi nzima ialikwe ukumbini. Wakubwa, wadogo, wazee wa bao, wasusi. Asibaki mtu kwenye kona."

Afisa akafurahi kupita kiasi, maana wizara ilikuwa inatafuta watu wa kupiga makofi. "Hilo dogo, mama. Tutaleta malori, na kila mtu atapewa fulana."

* * *

Siku ilipowadia ukumbi ulifurika. Mbele waliketi wageni wa dunia kwenye viti vya kuzama. Nyuma walipangwa Magunzi na mitaa mingine ya bondeni, wamevaa fulana zenye njiwa kifuani. Pembeni walisimama wahudumu, madereva, wanakwaya na walinzi. Bi. Nyamizi alikaa karibu na vikapu, Doto ubavuni mwake, na Bwana Chilumba nyuma yao kuhakikisha uzalendo.

"Mabibi na mabwana!" Waziri alinguruma kwenye kipaza sauti. "Leo dunia inalala salama kwa sababu sisi hatulali! Mtu akiniuliza, Simbeye, kwako kwema? Namjibu, kwangu ni duniani!" Makofi yakavuma. Akainua mkono, na nje mizinga ikalia.

Njiwa wakatoka vikapuni, wakalala kifudifudi.

Na safari hii hawakulala peke yao. Fulana zote za nyuma zilikwenda chini kwa pamoja. Wahudumu walikwenda chini na trei zao. Kwaya ikaenda chini ikiwa katikati ya wimbo wa taifa. Madereva, wapiga picha, hata walinzi waliopangwa kumlinda Waziri, wote walikuwa sakafuni, mikono kisogoni, wameshafanya hesabu ya nani yuko wapi. Bi. Nyamizi alikuwa juu ya Doto, kamfunika mwili mzima. Waliobaki kwenye viti walikuwa wageni, na aliyebaki wima alikuwa Waziri. Ukitaka kujua ni nani aliyewahi kusikia bunduki katika nchi ile na nani hajawahi, siku hiyo hukuhitaji kuuliza.

Wageni wakaanza kunong'ona. Lakini Waziri hakuwa Dakta Balozi bure.

"Waheshimiwa," alisema, bila hata kumeza mate, "mnayoyaona ni mila yetu ya kale. Sisi amani hatuipungii mkono. Tunaisujudia!"

Wageni waliguswa. Bibi mmoja mwenye lulu shingoni alifuta machozi, akavua viatu, akalala kifudifudi. Wenzake wakamfuata, wakisaidiana kwa heshima, na wajumbe wa zile nchi mbili wakalala kichwa kwa kichwa wakatia saini wakiwa kwenye zulia. Ikapendekezwa papo hapo kwamba tangu siku hiyo mikataba yote duniani isainiwe kwa tumbo.

Mtu mmoja tu sakafuni alikuwa na kazi nyingine. Bwana Chilumba alikuwa amefumba macho, jasho linamtoka, na kidole kinabonyeza simu. Wengine wakisikia mlio hulala; yeye akisikia mlio hulala na kumpigia kaka mkubwa. Ndivyo mwili wake ulivyozoea, wala hakutofautisha mizinga ya heshima na vijana wa kona. Mtandao ulikuwa unasumbua. Akabonyeza tena. Bi. Nyamizi aligeuza shingo akamwona.

Mizinga ikakoma. Ukumbi ukawa kimya. Ndipo simu ikaita.

Iliita jukwaani.

Waziri akaitoa mfukoni, akaitazama, akabonyeza spika kama ilivyo desturi yake, mbele ya kipaza sauti. "Ee, Chilumba," alisema, na sauti yake ikajaa ukumbi hadi nyuma kabisa. "Mbona unanipigia nikiwa kazini? Saini si tayari zishawekwa? Haya, basi, waambie vijana waendelee."

Bwana Chilumba alifumbua macho, akaona alipo, akabaki ameishika ile simu kama mtu aliyeshika kaa la moto. Mkono ukaja taratibu ukaichukua. Hakuuzuia.

"Wasiendelee," ilisema sauti ya mwanamke, ikatoka kwenye simu ya Waziri, ikapita kwenye kipaza sauti, ikawafikia wote waliolala.

Waziri aliikodolea macho ile simu. "Nani mwenzangu?"

Bi. Nyamizi alimwinua Doto kwanza, kisha naye akasimama.

"Mama Kulwa," alisema.